Mkono wa Niwaeli Kwenye Njia ya Bondeni

Nikuulize wewe unayenisikiliza: ukishukuriwa mbele za watu kwa jema ambalo mzizi wake ni ubaya wako mwenyewe, macho unayaweka wapi?

Niwaeli aliyaweka kwenye vidole vya miguu yake. Vilikuwa na tope jeusi la bondeni, lile linalonata kama uji wa ulezi uliolala, na lilikuwa limeanza kukauka na kupasuka kwenye mikunjo ya ngozi. Alikuwa amesimama uani kwa kaka yake, kanga imefungwa kiunoni, upande mmoja umelowa mpaka gotini. Akina mama wa Ikongwe waliingia mmoja mmoja na vibakuli vya unga na ndizi za kupika, wakamwona mzazi ndani, wakatoka wakijifuta macho, na kila aliyetoka alimpa Niwaeli mkono. Asante mwanangu, walisema. Mtoto Mungu amemchukua, lakini mama yake umemrudisha wewe. Bibi mmoja wa kwaya akamshika mashavu kabisa, akasema huyu alitumwa, maana ukungu wa asubuhi ile ulikuwa mtu haoni mkono wake mwenyewe, na bonde lote lile, lakini Niwaeli alikwenda moja kwa moja mpaka pale wifi yake alipokuwa.

Niwaeli akaitika amina. Ungeitika nini wewe?

Alikwenda moja kwa moja kwa sababu njia iliyompoteza wifi yake, Namkunda, aliichora yeye.

*

Wengine mnaonisikiliza mmekulia penye barabara za lami, kwa hiyo niseme kidogo habari ya ramani.

Ramani ya Wote haina mwenyewe. Serikali haishiki ufunguo wake, wala kampuni yoyote. Hata maandishi ya ndani yanayoiendesha yamewekwa wazi, anayejua kusoma lugha yake ayasome, na akiona palipooza aparekebishe. Ukiwa na simu, unachora kisima chako. Daraja likibebwa na mvua, unaliondoa. Nyumba ikihama, unaihamisha. Walioianzisha waliona mapema kwamba kitu kisicho na mwenyewe kina wezi wengi, wakaiwekea sheria ambayo haijavunjwa mpaka leo: hakuna linalofutika. Kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya na sababu aliyoiandika. Sisi kwetu badiliko hilo tunaliita mkono. Gusa mstari wowote, uwe mto au mpaka wa shamba, uombe mikono yake, nayo itatoka kama unavyomenya kitunguu, wa juzi juu, wa kwanza kabisa ndani.

Siku ya gulio, mikono mipya ya kata nzima huonyeshwa kwenye ukuta wa chama cha ushirika. Kilichoondolewa kinakuwa chekundu, kilichoongezwa kijani. Watu husimama pale na vikapu vyao kichwani wakasutana. Tazama, fulani kaongeza choo, mwaka wote tulidhani anajisaidia migombani. Tazama, yule kausogeza tena mpaka wake, na mkewe kaurudisha. Yalikuwa ni mazungumzo ya kijiji, na mtu alichora kwa adabu kwa sababu alijua atachekwa kwa jina.

Lakini ramani haikuwa ya kuchekea tu. Vyote vinavyojiendesha huifuata. Mashine ya kutifua hujua shamba linakoishia kwa kuiangalia yenyewe. Lango la maji hujua zamu ni ya nani. Na zahanati ya Kirore, ng'ambo ya mlima, ilikuwa na mbebaji, mashine ya miguu sita yenye kiti kimoja kilichofunikwa, iliyokuja kuchukua wagonjwa mahali ambapo gari halifiki. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mwenye haraka zake. Kaa vizuri. Funga mkanda. Usitoe mkono nje. Watoto wakaipa jina la Shangazi, na wakubwa tukalizoea.

Shangazi alikuwa na macho, ila macho yake na ukungu wa milima yetu hayakuelewana. Ukungu ukishuka, aliiamini ramani kuliko macho.

*

Niwaeli ndiye aliyekuwa mchoraji wa Ikongwe. Hakuna aliyemteua, alikuwa na mkono mtulivu na mguu usiochoka, basi kila mwenye kijito kilichohama alimwendea.

Juu kwenye mgongo wa mlima, kando ya njia ya kwenda Kirore, pana mpungi. Kwa asiyejua, ni kichaka cha miti ya zamani ambamo ukoo umewahifadhi wazee wake, na vilivyomo ndani si vya kusimuliwa. Hapapigwi kelele pale. Hapatajwi. Miaka yote hapakuwa na tatizo, mpaka wageni walipoanza kuja na ile miwani inayomwonyesha mtu ramani mbele ya macho. Waliifuata njia, wakakiona kichaka, wakaingia. Mmoja alikutwa amekaa juu ya jiwe ambalo hata mwenye ukoo halikanyagi, anakula mkate.

Baba mkubwa wa Niwaeli, Mzee Kajiru, alimwendea nyumbani akamkuta anapepeta maharage. Hakumwambia afute njia. Mzee yule alikuwa na akili, alikwishawaza.

"Ukiifuta, ukutani itatoka nyekundu na watu watauliza," alisema. "Isogeze tu, mwanangu. Ipitishe bondeni, kwenye matete. Wachovye viatu vyao, wachoke, warudi kwao."

Niwaeli akamkumbusha kwamba bondeni hakuna njia. Mzee Kajiru akacheka, akamuuliza tangu lini mtu wa Ikongwe akatazama simu ili afike Kirore. Sisi tunakwenda kwa miguu yetu, alisema. Ramani ni ya wageni.

Kuhamisha njia kulitaka mashahidi wawili waliokwisha kuikanyaga. Mzee Kajiru akawa wa kwanza, na shemeji yake akawa wa pili. Kwenye sababu Niwaeli akaandika: njia imerekebishwa. Siku ya gulio ukuta ulionyesha uzi mwekundu mwembamba mgongoni na uzi wa kijani bondeni, na hakuna aliyeshughulika nao, maana njia za milimani huhama kila masika.

Na ilifanya kazi. Wageni walishuka mateteni, wakarudi na suruali za tope, wakanunua soksi dukani wakaenda zao. Ukoo mzima ulicheka. Niwaeli naye alicheka, tena alicheka sana, akiiga jinsi mmoja wao alivyokuwa anaung'oa mguu topeni kwa mikono miwili.

Walisahau kwamba Shangazi naye alikuwa mgeni.

*

Uchungu ulimshika Namkunda alfajiri, nje ya siku zake. Mumewe, Elirehema, ambaye ndiye kaka yake Niwaeli, alikuwa mbali kwenye kazi za reli. Niwaeli akamwita Shangazi, aliyekuwa amelala kijijini tangu jana alipomrudisha mgonjwa mwingine kabla ukungu haujashuka, akamkalisha wifi yake kitini, akamfunga mkanda, akamfunika blanketi la mistari. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye paa la jiko.

Kiti kilikuwa cha mtu mmoja, na Shangazi akibeba mzazi hutembea polepole. Kwa hiyo Niwaeli akatangulia na kapu la nguo za mtoto, ili amkute nesi ameshaandaa maji. Alimwambia wifi yake kwamba watakutana mlangoni. Akashika njia ya mgongoni. Hakufikiri, mguu ulijipeleka. Alipita kando ya mpungi, akainamisha kichwa kama tulivyofundishwa, akashuka Kirore.

Nesi alikuwa tayari. Alitandika, akapanga vitu vyake kwenye sinia, akatoka kibarazani, akarudi, akatoka tena. Ndipo akamuuliza Niwaeli mgonjwa wake anapitia wapi.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Lakini nasikia Niwaeli aliliachia kapu, nguo za mtoto zikatawanyika sakafuni, vile vijisoksi na kofia ya sufu, naye hakuinama kuziokota. Alikuwa ameshatoka mbio.

Aliwasikia kabla hajawaona. Bondeni simu haishiki, kwa hiyo mashine haikuwa na wa kumwuliza isipokuwa ramani ambayo ilikwisha kuibeba. Ilikuwa inakwenda hatua chache, inazama, inajivuta nyuma, inajaribu tena pembeni kidogo, na kila mara inasema kwa ile sauti yake: njia iko hapa, tafadhali vumilia. Matete yalikuwa yamelala chini duara zima, kama mahali alipofungwa ng'ombe. Namkunda alikuwa ameinamia mapajani, blanketi limeloa. Mtoto alikuwa mikononi mwake, amefungwa kwa kilemba cha mama yake, ametulia.

Niwaeli aliizima mashine. Akambeba wifi yake mgongoni mpaka Kirore, na tope halikumruhusu kukimbia.

*

Sasa hapo ndipo shida yenyewe inapoanza, maana yaliyopita yalikuwa ujinga, na ujinga watu husamehe. Kilichofuata mtu alikifanya akijua.

Watu walisema ni ukungu. Wengine wakasema Shangazi amezeeka. Hakuna aliyeugusa ule mstari kuuomba mikono yake, kwa sababu hakuna aliyefikiri njia inaweza kuwa uongo. Niwaeli alingoja aulizwe. Hakuulizwa. Aliletewa unga, na mwenyekiti wa kijiji alimtaja kanisani.

Angeweza kuurudisha mstari mgongoni kwa kidole kimoja. Lakini kurudisha nako ni mkono, na mkono una jina na sababu, na ungetoka ukutani siku ya gulio mbele ya vikapu vyote. Na mstari ukirudi, wageni nao wangerudi mpungini. Basi akaacha. Alikwenda Kirore akamwambia nesi kwamba miguu ya mashine imejaa tope na isitolewe kwanza. Nesi akamshukuru. Huo nao ukawa uongo juu ya uongo, na shukrani juu ya shukrani. Niwaeli akawa hali akashiba. Akitia tonge mdomoni anasikia ile sauti ikimwambia avumilie.

Halafu nesi akapeleka habari kwamba Shangazi ameoshwa, yuko salama, na baada ya gulio anarudi kazini. Juu kidogo ya kijiji palikuwa na binti wa mwalimu, mimba yake ya kwanza, amebakiza siku za kuhesabika, na mama yake alikuwa ameshamwombea kiti.

Niwaeli akaenda kwa Mzee Kajiru. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anajichongea mpini wa jembe, na hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema yaliyotokea yamemuumiza, damu ni damu yake. Njia irudi, hilo hakulikataa. Lakini irudishwe na mtu asiyekuwepo. Ramani inapokea jina lolote. Ajitungie jina la mtu wa mbali, aandike amepita akaona kosa, yaishe.

"Wewe ukijivua nguo," alimwambia, "unatuvua wote. Na waliolala kule juu utawavua pia."

Akarudi nyumbani akajaribu. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, mchana kweupe, kuku wanampitia miguuni. Akatunga jina, akavuta mstari kutoka mateteni mpaka mgongoni, na ramani ikamuuliza swali inalomuuliza kila mtu: umeikanyaga njia hii kwa miguu yako? Yule mtu aliyemtunga hakuwa na miguu. Niwaeli alilitazama swali mpaka kioo kikazima chenyewe.

Akaanza upya kwa jina lake. Kwenye sababu aliandika kwamba kulikuwa na kosa, akafuta. Akaandika kwamba aliombwa na wakubwa, akafuta, ingawa ilikuwa kweli. Mwisho aliandika hivi: Niliihamisha njia hii kwa makusudi ili wageni wapotee. Bondeni hakujawahi kuwa na njia. Mgonjwa wetu alipotelea humo.

Akatuma. Ramani ikamwambia inangoja mashahidi wawili.

Hilo hakuwa amelifikiria. Nani wa Ikongwe angeweka jina lake chini ya maneno yale? Mzee Kajiru hakupokea simu. Shemeji yake alipokea, akakohoa, akasema mtandao unakatika. Nesi wa Kirore aliyasoma, akathibitisha. Akabaki mmoja. Niwaeli aliinuka akachukua panga akawakatie ng'ombe majani, na kabla hajafika kwenye tuta simu ikamtetemekea kiunoni. Njia ilikuwa imerudi. Shahidi wa pili alikuwa Namkunda.

Ramani ile, nilisahau kusema, inakuruhusu kuufuata mstari. Unauambia tu kwamba unataka kujua, na kila unapoguswa na mkono wowote inakuamsha. Hakuna anayethibitisha upesi vile isipokuwa alikuwa anaufuata.

*

Gulioni hakuna aliyecheka. Watu walisoma, wakavishusha vikapu, wakasoma tena. Bibi wa kwaya alimtazama Niwaeli, akayaficha mashavu yake mwenyewe kwa kanga kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Mzee Kajiru alipita nyuma ya watu, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba ukoo wake umeuzwa na mtoto wa nyumbani. Wapo waliomwona ana haki, na wageni kweli walianza kuonekana tena mlimani. Mimi siwezi kusema hana haki yoyote. Lakini binti wa mwalimu alipita njia ya mgongoni ndani ya Shangazi, akafika.

Niwaeli hakungoja ukuta uzimwe. Alitoka gulioni mikono mitupu akaenda kwa wifi yake.

Namkunda alikuwa nyuma ya banda, anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Alikuwa amekonda shingoni. Alisogeza kigoda kwa mguu, Niwaeli akakaa, panga linapanda linashuka, maji ya mgomba yanaruka mpaka kwenye kanga zao.

"Ulijua tangu lini, wifi?"

"Tangu nilipotoka Kirore." Namkunda hakusimamisha panga. "Kila nikiiambia mashine kwamba huku siko, inanijibu njia imethibitishwa na wenyeji. Nikataka kuwajua hao wenyeji."

Niwaeli akashuka kwenye kigoda akapiga magoti kwenye maganda. Alisema mengi, na mengine hayakunyooka. Alisema ukoo utaleta kondoo wa kuosha kosa, na ikiwa hautaleta ataleta yeye. Alisema hatashika ramani tena maisha yake. Alisema atamwandikia Elirehema kwa mkono wake, na akitaka atasimama kanisani, palepale alipotajwa kwa sifa, alieleze kusanyiko lote. Namkunda alimwacha amalize. Mara moja tu alitikisa kichwa, kwenye lile la kondoo.

Mwisho Niwaeli akamwuliza: basi wewe unataka nini?

Panga likasimama. Namkunda alilifuta kwenye jani, upande mmoja na wa pili, akaliweka chini.

"Wote mnakuja kuniambia habari za njia," alisema. "Njia, mstari, ukungu, Shangazi. Hata wewe umeandika mgonjwa wetu alipotea, kama vile nilikwenda mle bondeni peke yangu. Tulikuwa wawili, wifi. Alilia. Mashine inasema njia iko hapa, na yeye analia, nikamsikia vizuri. Nikampa jina palepale, maana niliona hatuna muda. Mimi sikutaka kondoo. Nilitaka aje mtu mmoja tu aniulize mwanangu anaitwa nani."